Kadhi Aliyeshika Kalamu: Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui na Ukoo Wake

Bwana Mhariri amenitaka niandike, kwa ajili ya mkutano wetu wa mwaka huu, habari za mtu mmoja wa pwani aliyeshika kazi ya sheria katika zama za ukoloni. Mtu mwenyewe ameniachia nimchague. Nimemchagua Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi wa Mombasa tangu 1932, kisha Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937 mpaka alipofariki 1947. Wazee wenzangu watasema kwamba huyu hahitaji kuelezwa. Kwetu sisi ni kweli. Lakini wanafunzi walioko madarasani leo wengi wao wanalijua jina la mwanawe, Profesa Ali Mazrui, na la baba wanalisikia kama jina la mtaani tu.

Ninayo sababu nyingine. Zamani, nilipokuwa nikisomesha historia, mwanafunzi mmoja alisimama akaniuliza: "Mwalimu, ikiwa Wamazrui walipigana na Waingereza wakashindwa, mbona baadaye mtoto wao akakubali kuwa kadhi katika serikali ya Waingereza hao hao?" Nilimjibu haraka haraka kwamba kazi ni kazi na mtu lazima ale. Kengele ikalia, watoto wakatoka. Jibu lile halikuniridhisha siku ile, wala halijaniridhisha mpaka leo. Mtoto yule sasa ni mtu mzima, na huenda akawa amekaa kati yenu mkutanoni akisoma karatasi hii. Basi makala haya ni jibu langu lililochelewa.

Na tuanze na ukoo, maana bila kuujua ukoo swali lenyewe halina uzito.

Wamazrui asili yao ni Omani. Wareno walipotolewa Ngome ya Yesu mwaka 1698, Mombasa ilikuwa chini ya Maimamu wa Yaaruba, nao Maimamu waliweka maliwali wa kuitawala. Katika karne ya 18 uliwali huo ukafika mikononi mwa Wamazrui. Muda si mrefu utawala wa Omani ukageuka, ukaingia ukoo wa Busaidi. Wamazrui wa Mombasa hawakukubali kuwatii watawala hao wapya, na tangu miaka ya 1740 walikaa ndani ya Ngome kama wenye mji. Wakatawala hivyo karibu miaka mia. Hizo ndizo zama za mshairi Muyaka bin Haji, na hizo ndizo zama ambazo mtu wa Mombasa akitaka kujisifu huzirudia.

Mwisho wake ulikuwa 1837. Seyyid Said bin Sultan, aliyekwisha kuhamia Unguja, aliupata mji kwa hila zaidi kuliko kwa mizinga. Wakubwa wa Wamazrui walikamatwa, wakatiwa jahazini, wakapelekwa kufungwa Bandar Abbas, ng'ambo ya Ghuba, na huko wakafia. Waliobaki walitawanyika: wengine wakenda kaskazini wakakaa Takaungu, wengine kusini wakakaa Gazi. Huko walilima mashamba makubwa, na lazima tuseme kweli kwamba mashamba hayo yalilimwa na watumwa. Historia inayotaja Ngome ikaacha kutaja jembe la mtumwa ni historia nusu. Utumwa katika pwani ya Kenya ulifutwa kisheria mwaka 1907, na utajiri wa koo nyingi kubwa za pwani ulianza kushuka tangu hapo.

Kabla ya hapo kulikuwa na pigo jingine. Mwaka 1895 alifariki Sheikh wa Takaungu. Kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ikitawala wakati ule ikajitia katika ugomvi wa nani amrithi, ikamsimamisha iliyemtaka yeye. Vita vikawaka. Mzee Mbaruk bin Rashid wa Gazi, aliyekuwa amepigana na Masultani wa Unguja miaka mingi, akaingia upande wa waliokataa. Katikati ya vita hivyo, tarehe 1 Julai 1895, Kampuni iliondoka na serikali ya Kiingereza ikashika mahali pake. Ngome ya Mbaruk huko Mwele ilipigwa na kutekwa mwaka huo huo. Mwaka 1896 Mbaruk alivuka mpaka na watu wake, akajitia chini ya Wajerumani, akafa Dar es Salaam mwaka 1910. Wamazrui hawakushika silaha tena.

Sasa angalieni tarehe. Sheikh Al-Amin alizaliwa Mombasa mwaka 1891. Vita vya Mbaruk vilipigwa yeye akiwa mtoto wa miaka minne. Ngome ya Yesu, nyumba ya fahari ya wazee wake, Waingereza waliigeuza gereza, ikabaki gereza mpaka 1958. Hatua chache tu kutoka ukuta wake ni makaburi ya Wamazrui. Mtoto wa ukoo huo aliyezaliwa katika miaka ile alikua akiona kila siku, kwa macho yake, mambo yaliyowafika watu wake.

Lakini katika nyumba aliyozaliwa, mali haikuwa panga. Baba yake, Sheikh Ali bin Abdallah bin Nafi Mazrui, alikuwa mwanachuoni mkubwa. Ukoo ulikuwa wa madhehebu ya Ibadhi kwa asili, lakini tawi hili lilifuata madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wenyeji wengi wa pwani. Mzee huyo alisomesha na kujadiliana bila kificho, hata Seyyid Barghash akamtia kifungoni, asitoke mpaka Barghash alipofariki mwaka 1888. Kwa hiyo kijana wetu ni mtoto wa mtu aliyefungwa kwa ajili ya aliyoyasema. Mzee Sheikh Ali alifariki 1894, naye Al-Amin hajatimiza hata miaka minne.

Yatima yule alilelewa na kusomeshwa na jamaa yake, Sheikh Sulaiman bin Ali bin Khamis Mazrui, mwanachuoni ambaye naye alikuwa kadhi. Kisha akavuka bahari kwenda Unguja mara kwa mara kusoma kwa mabahari wawili wa elimu wa wakati ule, Sayyid Ahmad bin Sumait na Sheikh Abdallah Bakathir, ambao wote wawili walifariki mwaka 1925. Hakwenda shule ya serikali. Hakusomea sheria Uingereza. Elimu yake aliipata kwa kukaa chini mbele ya masheikh: lugha ya Kiarabu, hadithi, tafsiri na fikihi. Yaani, kwa kipimo cha cheti cha Cambridge tulichopimwa nacho baadhi yetu, alikuwa mtu asiyesoma. Nasema hivi ili wanafunzi wajue kwamba elimu ina milango mingi.

Jambo moja lakini lilimtenga na masheikh wengine. Alikuwa akisoma magazeti kutoka Misri, hasa lile la Al-Manar lililotolewa Cairo na Rashid Rida, mfuasi wa Sheikh Muhammad Abduh. Humo alisoma hoja iliyomkaa moyoni: kwamba Waislamu hawakushindwa na Wazungu kwa sababu ya dini yao, bali kwa sababu walilala, wakaiacha elimu, wakashika ada zisizokuwa na maana na kuziita dini. Hoja hiyo akaichukua, akaangalia mitaa ya Mombasa, akaona imeandikwa kwa ajili ya watu wake.

Nini alichokiona? Serikali ilifungua shule ya watoto wa Kiarabu Mombasa mwaka 1912, na kwa miaka mingi wazee wengi hawakuwa na haraka ya kupeleka watoto wao. Waliogopa watoto wasije wakapotea dini. Tangu ilipotoka sheria ya kuandikisha ardhi mwaka 1908, mashamba yaliyokuwa ya mtu kwa kujulikana tu yalihitaji hati, na mwenye kupata hati aliweza kuuza. Wengi wakauza. Fedha ikapita katika harusi za siku saba na katika matanga, na baada ya hapo mtu akabaki na jina la ukoo na kanzu safi. Juu ya hayo watu wa mji walikuwa wakizozana: nani Mwarabu, nani Mswahili, nani ahesabiwe wapi katika vitabu vya serikali.

Mwaka 1930 Sheikh Al-Amin akaanza kutoa gazeti. Aliliita Sahifa, yaani ukurasa, na kweli halikuwa zaidi ya hilo. Lilikuwa kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, herufi ambazo watu wa pwani walikuwa wakiandikia barua, tenzi na hesabu zao kwa karne nyingi. Tena hakuzichukua herufi hizo kama zilivyo. Alizitengeneza, akaongeza alama, ili zipate kuzibeba sauti za Kiswahili ambazo Kiarabu hakina, kama vile p, ch na v, na kutenga e na i, o na u. Baada ya Sahifa akatoa Al-Islah, maana yake matengenezo, lililotoka mwaka 1932 na 1933 kwa Kiswahili na Kiarabu.

Mwaka huo huo wa 1930 ndio ilipoundwa Kamati ya Lugha ya Afrika ya Mashariki, baada ya mkutano uliofanywa Mombasa mwaka 1928, ambao ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili cha vitabu. Kiswahili hicho kiliandikwa kwa herufi za Kizungu. Basi katika mwaka mmoja palikuwa na watu wawili wanaokitengeneza Kiswahili: serikali nne kwa pamoja na kamati yao, na sheikh mmoja na karatasi yake. Nani alishinda mnajua, maana mnasoma maneno haya kwa herufi gani?

Katika karatasi hiyo Sheikh hakuwabembeleza wasomaji wake. Aliwaambia kwamba kumfuata Mzungu katika ulevi, dansi na mavazi ni rahisi, lakini kumfuata katika kuamka mapema, kutimiza ahadi, kushirikiana na kutafuta elimu ndiko kunakomfaa mtu. Aliwakemea wanaouza ardhi ya wazee. Aliwakemea wanaotumia mali ya mayatima katika matanga. Alitaka wasichana wasomeshwe, neno ambalo katika baraza nyingi za wakati ule lilikuwa zito kusemwa. Alitaka shule za serikali zisomeshe dini na Kiarabu, na papo hapo akawalaumu wazee wanaozikimbia shule hizo. Kwa hiyo alipata maadui pande zote: wale wasiotaka shule, na wale waliotaka shule peke yake. Hata baadhi ya wanavyuoni hawakupendezwa naye, kwa kuwa mambo waliyoyazoea yeye aliyaita bidaa.

Kasoro alikuwa nazo, na si vizuri kumfanya mtu malaika kwa kuwa amekwisha kufa. Mara nyingi macho yake yaliwaangalia kwanza Waarabu na Waislamu wa mji, na wale waliokuwa wakilima mashamba hayo yaliyokuwa yakiuzwa hawakupata nafasi kubwa katika karatasi yake. Alikuwa mtu wa zama zake na wa mtaa wake. Lakini katika mtaa huo hapakuwa na mwingine aliyewaambia watu wake maneno makali kiasi hicho, tena kwa lugha yao wenyewe.

Sasa tufike kwenye ukadhi, ndipo penye swali la mwanafunzi wangu.

Mwaka 1895 Waingereza walipatana na Sultani wa Unguja kuhusu ukanda wa pwani, maili kumi kutoka baharini. Ardhi ilibaki ya Sultani kwa jina, bendera yake nyekundu ikabaki ikipepea, na Waingereza wakawa watawala kwa malipo ya pauni 17,000 kwa mwaka. Sharti mojawapo lilikuwa kwamba dini ya wenyeji na sheria zake ziheshimiwe. Kwa hiyo serikali iliacha maliwali, mudiri na makadhi waendelee na kazi, ikawalipa mishahara. Kadhi alihukumu ndoa, talaka, matunzo, mirathi na wakfu. Juu yake palikuwa na majaji wa Kiingereza waliosikiliza rufani. Naye Liwali wa Mombasa alikuwa Sir Ali bin Salim, wa ukoo wa Busaidi, ukoo ule ule uliowatoa Wamazrui katika Ngome.

Hiyo ndiyo kazi aliyopewa Sheikh Al-Amin mwaka 1932. Angeweza kuikataa, akakaa nyumbani akasomesha, na watu wangemsifu kwa ukali wa moyo. Lakini tufikiri kidogo. Kama yeye angekataa, mahakama isingefungwa. Angewekwa mwingine, pengine asiyejua, pengine anayetaka mshahara tu. Mjane aliyenyimwa thumuni yake, mke aliyeachwa bila ya talaka wala matunzo, yatima ambaye ami yake ameishika nyumba ya baba yake, hao wasingengoja mpaka Waingereza waondoke. Walikuwa wamekaa barazani asubuhi ile ile wakisubiri kusikilizwa. Naye Sheikh Al-Amin alikuwa yatima. Nafikiri alilijua swali hilo kuliko mimi na kuliko mwanafunzi wangu.

Wala tusidhani kwamba alikuwa na nguvu kubwa. Nitatoa mfano mmoja, kwa kuwa unaonyesha mambo yalivyokuwa. Pwani yetu ilikuwa na desturi ya mtu kuweka wakfu nyumba au shamba kwa ajili ya watoto na wajukuu wake, lisiuzwe milele, na kizazi kikimalizika faida iende kwa masikini au msikitini. Kwa fikihi ya Shafii wakfu huo ni halali, na kadhi yeyote angekuambia hivyo. Lakini mwaka 1894 Baraza la Mfalme huko London, katika kesi iliyotoka Bengal nchini India, liliamua kwamba wakfu ambao kwa kweli ni wa jamaa, na masikini wamewekwa mbali sana mwishoni, haufai. Neno hilo la India likavukishwa bahari. Miaka michache baada ya kifo cha Sheikh Al-Amin, Baraza hilo hilo likakata kesi ya wakfu iliyotoka Mombasa kwa kufuata uamuzi ule wa 1894. Yaani vitabu ambavyo Kadhi Mkuu alivisoma maisha yake yote havikuweza kushindana na hukumu ya watu wa London wasiopata kuiona Mombasa. Ilibidi itungwe sheria ya wakfu ya 1951 hapa Kenya ili wakfu za jamaa zitambuliwe.

Basi, kadhi katika ukoloni alikuwa mtu aliyeshika mizani ambayo kamba yake ilikuwa mkononi mwa mwingine. Sheikh Al-Amin alilijua hilo, na ndiyo maana, kwa maoni yangu, hakutegemea hukumu peke yake. Hukumu hufunguliwa rufani, ikabatilishwa. Aliyesomeshwa hafunguliwi rufani. Akiwa kadhi, aliendelea kusomesha. Aliandika vitabu vidogo vya kuwasomesha watoto dini kwa Kiswahili chepesi. Alianza tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili, kazi ambayo mauti yalimkuta hajaimaliza. Aliandika pia, kwa Kiarabu, historia ya ukoo wake na utawala wao wa Mombasa, nayo hakuiwahi kuimaliza. Ilitafsiriwa kwa Kiingereza na kuchapishwa mwaka 1995. Mwenye Ngome aliyenyang'anywa, na asiyeweza kuirudisha kwa panga, aliiandika.

Alifariki mwaka 1947, akiwa na umri wa miaka 56.

Tutazame sasa matunda. Miongoni mwa wanafunzi wake walikuwa Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, wa ukoo wake, na Sheikh Abdallah Saleh Farsy wa Unguja. Wote wawili walizaliwa 1912, na wote wawili walifariki 1982. Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, Kadhi Mkuu alikuwa Sheikh Muhammad Kasim; mwaka 1968 akafuata Sheikh Farsy. Sheikh Muhammad Kasim naye akatoa gazeti, Sauti ya Haki, katika miaka ya 1970. Sheikh Farsy aliikamilisha Kurani nzima kwa Kiswahili, nayo ikachapishwa mwaka 1969. Ni nyumba chache za Waislamu pwani zisizokuwa nayo. Hivyo kiti cha Kadhi Mkuu, kwa miaka mingi baada ya uhuru, kilikaliwa na watu waliokaa chini mbele ya yule yatima.

Mahakama zenyewe nazo hazikufa. Mwezi wa Oktoba 1963, palipokuwa na maneno makali juu ya ukanda wa pwani, Bwana Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Bwana Mohamed Shamte, walibadilishana barua za kukubaliana kwamba ukanda uingie Kenya na mahakama za makadhi zilindwe. Ahadi hiyo iliingia katika katiba ya uhuru, na katiba ya 2010 ikaiweka tena katika vifungu vya 169 na 170.

Na nyumbani kwake? Mwanawe Ali alizaliwa Mombasa mwaka 1933, akafiwa na baba akiwa na miaka 14, karibu sawa na umri waliokuwa nao wanafunzi wetu wa kidato cha kwanza. Mzee alikuwa amekusudia kumpeleka Al-Azhar, Misri, akafuate njia ya wazee wake. Mauti yakavunja shauri hilo. Wanafunzi nawaomba wasikilize hapa: kijana huyo alipofanya mtihani wa cheti alipata daraja la tatu, na milango ya chuo kikuu ikafungwa mbele yake. Akafanya kazi katika chuo cha ufundi cha Waislamu Mombasa. Huko Gavana Sir Philip Mitchell alimsikia akihutubu, akavutiwa, na mwishowe kijana akapata nafasi ya kwenda Uingereza mwaka 1955. Akapata shahada Manchester mwaka 1960, kisha New York, kisha Oxford. Akawa profesa Makerere, na alipokosana na utawala wa Idi Amin akahamia Marekani. Mwaka 1979 alitoa mihadhara ya Reith katika redio ya BBC, na mwaka 1986 filamu zake juu ya urithi wa namna tatu wa Afrika zilionyeshwa duniani: urithi wa asili, urithi wa Uislamu na urithi wa nchi za Magharibi. Wengi waliiona hoja hiyo kuwa mpya. Mimi nilipoisikia nilisema, hii ni Sahifa kwa Kiingereza. Baba alikuwa akiuliza tuchukue nini kwa Mzungu, tubakishe nini chetu. Mwana akalipeleka swali hilo hilo mbele ya dunia.

Profesa Ali alifariki Marekani mwezi wa Oktoba 2014. Aliusia azikwe kwao. Maiti yake ililetwa Mombasa, akazikwa katika makaburi ya Wamazrui, kando ya Ngome.

Hili basi ndilo jibu langu kwa yule mwanafunzi. Sheikh Al-Amin hakukubali kazi ya Waingereza kwa sababu aliwasahau wazee wake wa Takaungu na Gazi. Aliandika historia yao kwa mkono wake. Wala hakuikubali kwa sababu alimwamini Mwingereza kuwa mwadilifu. Aliona kwamba bunduki imekwisha kusema neno lake, na kwamba yamebaki mambo mawili ambayo mtawala hakuweza kuyafanya bila ya wenyeji: kuhukumu baina yao na kuwasomesha. Akaingia kwenye hukumu, na akiwa humo akashika usomeshaji. Kama alifanya vyema au vibaya, mtu na aamue. Mimi nimekwisha kuamua, nikachelewa miaka mingi.

Limebaki neno moja, nalo si la furaha. Nilijifunza chuoni kusoma Kurani, kama watoto wote wa mtaa wetu. Lakini siku ya kwanza nilipowekewa mbele yangu Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi hizo hizo, nilikwama mstari wa kwanza kama mtoto. Lugha ni yangu, herufi nazijua, na bado sikuweza kuvikutanisha. Sheikh alikuwa ametaabika kuziongezea herufi zile alama ili mtu kama mimi asome kwa urahisi, na mimi, mwalimu wa historia, nimepewa cheti na nimepita. Baadhi ya maandishi yake yamepata kuchapishwa kwa herufi tunazozisoma leo, na shukrani kwa waliofanya kazi hiyo. Lakini katika makasha ya nyumba za Mombasa, Lamu na kwingineko mna barua, hati za wakfu, hesabu na tenzi za babu zetu, na wajukuu wanazitazama kama mapambo.

Kwa hiyo nina ombi kwa wenzangu wa chama chetu. Kila mwaka tunachanga fedha kwa ajili ya shule, tukanunua viti, tukapaka rangi. Mwaka huu tumwombe Mwalimu Mkuu saa moja ya alasiri kwa wiki, na tumlipe mzee mmoja anayejua, awafundishe wanafunzi wanaotaka kusoma Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Si lazima wawe Waislamu, maana hayo ni maandishi ya nchi yao. Mimi mwenyewe nitakuja kukaa dawati la nyuma, nikisome nilichopaswa kukisoma nikiwa na miaka 14.